Nyumba Hii Haiuzwi

Kibokoni, Mombasa

Mama yangu mpenzi,

Asalaam alaykum. Mkono wako naubusu kutoka huku niliko, na pole ya goti naitanguliza kabla ya yote. Je, yale mafuta ya habasoda niliyompa Mjomba Shee akuletee Siyu yalifika, au yaliishia kwenye magoti yake yeye? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Khamisi mume wangu anakohoa kidogo, lakini kula anakula.

Najua mjukuu wako Nasra ndiye anayekusomea, na najua umeshamwambia aruke salamu. Basi: nyumba imeuzwa, Mama. Kaa kitako nikwambie kwa nani, maana simu hukatika kila nikifika penye utamu.

Siku ile ulipoondoka kurudi kwenu ulinishika bega mlangoni ukaniambia, "Uza, mwanangu, ngazi hizi mimi siziwezi tena. Lakini usinitilie dalali kati. Mpe mtu ambaye nikija Mombasa nitampigia hodi, anijue." Nami nikaitikia haraka haraka, kama mtu aliyetumwa chumvi dukani. Sikujua umenitwika mzigo.

Niliandika tangazo kwa mkono wangu nikalibandika kwenye kibanda changu cha kushona pale Makadara, na jingine nikampa muuza vitunguu wa Marikiti. Khamisi akasambaza picha kwa simu. Madalali nao hawakukosa. Mmoja alikuja na faili kwapani akaniambia kuuza nyumba bila dalali ni kama kuzaa bila mkunga. Nikamjibu kwamba mamangu alinizaa mkunga hajafika, na nilitoka mzima.

Mteja wa kwanza alifika na mkewe, akasimama nje akisoma ukuta. Mama, nilikuwa nimesahau! Yale maandishi ya marehemu Baba, aliyoyaandika kwa rangi nyekundu baada ya yule tapeli kutaka kuiuza nyumba yetu tulipokwenda harusini Siyu: NYUMBA HII HAIUZWI. Yule bwana akanitazama juu mpaka chini. "Dada, tafuta mjinga mwingine," akasema, wakaenda zao. Nilipaka chokaa siku hiyo hiyo. Ilipokauka, wekundu ukachungulia. Nikapaka tena, ukachungulia tena. Nilicheka peke yangu, kisha nikalia kidogo, maana ilikuwa kama Baba mwenyewe ananikatalia.

Wa pili alitoka bara, mtu mpole, na bei yake ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Aliuliza swali moja tu: baraza ikivunjwa, gari litaingia? Nikaona ameshaivunja kichwani mwake. Nikamwomba radhi, akaenda. Khamisi alininunia siku mbili, wala simlaumu. Tulikuwa tumekwisha kupata nyumba Kisauni karibu na shule ya watoto, na mwenyewe alikuwa anatungoja.

Siku hizo hizo nikaanza kuona mambo kwa Ma Sakina, jirani yetu wa ukuta mmoja. Salamu zake zilikuwa fupi. Ijumaa nikampelekea sahani ya mahamri kama kawaida yetu. Jumapili sahani ikarudi, imeoshwa, inang'aa, tupu. Mama, wewe wajua. Sahani haijapata kutoka nyumba ile kuja kwetu bila kitu. Hata wakati wa dhiki ilirudi na ndimu tatu. Nikavaa buibui nikaenda mwenyewe.

"Shikamoo, Ma Sakina. Nimekukosea nini?"

"Marahaba. Mimi? Mimi n'nani wa kukosewa?" Aliendelea kukunja sambusa zake, hanitazami. "Mji mzima waujuza kuwa wauza nyumba. Hata wauza vitunguu wa Marikiti wajua. Mimi jirani yenu, tulosikizana kukohoa miaka yote hii, nasikia kwa wapita njia!"

"Nilidhani huitaki."

"Hukuniuliza, wajuaje? Jirani huulizwa kwanza, mwanangu. Akisema hapana, ndipo ukawaite wa mbali. Mamako hakukufunza?"

Ulinifunza, Mama. Ujuaji wangu tu ndio ulionitangulia. Fimbo ya mbali haiui nyoka, nami nilikuwa nimeisaka fimbo mji mzima. Niliona haya, nikamshika miguu. Kumbe Sakina wake anaolewa, na mama mtu hana mtoto mwingine. Hakutaka binti avuke daraja kwenda kuishi kwa watu asiowajua; nyumba yetu aliitaka amweke yeye na mumewe. Siku hiyo sikutoka mle ndani na sahani tupu.

Tukakubaliana bei ya haki, sisi wawili, sambusa zikiwa motoni. Ni chini kidogo ya ile ya bwana wa bara, nami sijuti. Wakili akaandika hati, nikatia saini kwa ule waraka wa uwakilishi uliotia dole gumba, na mashahidi wakawa imamu wa msikiti wetu na kaka yake Khamisi. Ikasomwa fatiha, tukanywa kahawa kwa halwa.

Jana nilitoka na ndoo ya chokaa nimalizie ukuta. Ma Sakina akanishika mkono. "Wacha hivyo hivyo. Babako aliandika kweli."

Nisalimie Mama Mdogo Mwanaesha. Gauni lake limekwisha, limebaki vifungo. Mwambie Nasra ahsante kwa sauti yake, na Mjomba Shee ajibu swali la mafuta.

Funguo nimemkabidhi Ma Sakina leo asubuhi. Nilipomweleza lile sharti lako la hodi, akakasirika upya.

"Hodi ya nini? Mwambie mamako akinipigia hodi nitagomba naye. Asukume mlango, aingie."

Ni mimi mwanao,
Maryamu