Kichwa Kiliniuma Siku Moja Kabla Yako

Kemunto,

Ripoti ya ajali yako imetoka. Niliisoma Jumanne nikiwa peke yangu ofisini, kisha nikairudia nikitafuta mahali wachunguzi walipokosea. Hawajakosea. Bomba la moshi la injini lilikuwa na ufa, na hita ya ndege ile, unajua, huchota joto lake pale pale kwenye bomba. Ulipoiwasha kwa ajili ya baridi ya asubuhi, ukawa unavuta kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Ni gesi ile ile iliyowafanya mama zetu watukataze kulala na jiko la makaa chumbani.

Hukuwa umelewa. Sasa imeandikwa.

Lakini siku tuliyokuzika kwenu Nyaramba haikuwa imeandikwa. Sauti yako ya mwisho redioni ilikuwa nzito, maneno yakiburutika, na habari hiyo ilifika kijijini kabla ya jeneza. Mzee mmoja wa kanisa akasimama kando ya kaburi, mama yako akimsikia, akasema, "Vijana, pombe si mchezo." Wewe, uliyekuwa ukiomba chai hata kwenye harusi! Mama yako akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nyuma yake na sare yangu ya urubani, na nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu kuna kitu nilikuwa nakijua.

Siku moja kabla, mimi ndiye niliyeirusha ndege ile kutoka kiwanja cha Suneka, hita ikiwaka. Nilishuka kichwa kikinigonga, nikatapika nyuma ya hanga. Nikamwambia fundi. Akacheka. "Nyaboke, hiyo ni njaa. Kula ndizi." Mwenye ndege alikuwa pale pale. Akasema ndege ina safari asubuhi, haitazuiwa na kichwa cha mtu.

Nikala ndizi. Daftari la ndege lilikuwa mkononi mwangu, na mahali pa kuandika kasoro nikaandika: hakuna.

Jioni ukanipigia simu kuniuliza ndege ikoje. Nikasema, "Iko sawa."

Siku hizi kila ndege imebandikwa kikadi chenye doa linalogeuka jeusi gesi ikiingia. Kitu kidogo hivyo, Kemunto. Mwenye ndege alituita tupige naye picha kando ya vikadi vyake. Sikwenda. Fundi akiniona anageukia upande mwingine. Na yule mzee hajakanyaga kwa mama yako kusema hata pole.

Sabato hii, watu wakitoka kanisani, naenda Nyaramba. Nitamsomea mama yako, kwa lugha yetu ya Ekegusii, ukurasa unaosema damu yako haikuwa na pombe. Kisha nitamwambia ya kichwa changu, na neno nililoandika daftarini. Anaweza kunifukuza. Akinifukuza nitaondoka, lakini atakuwa amesikia kutoka kinywani mwangu.

Pumzika, rafiki yangu. Msamaha sikuombi. Kuna mtu wa kuombwa kwanza, na yuko hai.

Nyaboke