Tiketi Namba Kumi na Nne

Kwako mdogo wangu mpenzi,

Hujambo? Paja linaendeleaje? Daktari ameshakuruhusu kuukanyagia mguu, au bado unatembea na gongo? Nakuuliza hayo kwanza kwa sababu nataka kuyajua kwa dhati, na kwa sababu tulilelewa kwamba mtu haanzi salamu kwa ugomvi. Huku sisi ni wazima wa mwili. Baba anakula vizuri, anafungua duka saa moja asubuhi kila siku, ila magoti yanamsumbua akipanda ngazi kwenda juu kuanika. Mimi niliungua kidogo mkono kwa mvuke wa pasi, sasa umepona. Basi, salamu ndizo hizo. Sasa nikwambie ukweli kwamba nakuandikia nikiwa na hasira hadi kalamu inatoboa karatasi, na sehemu ya hasira hiyo nimeielekeza kwako.

Ujumbe wako uliingia Jumatatu asubuhi. Baba alikuwa kwenye meza ya pasi akinyoosha shati jeupe la mfamasia. Simu ilipolia akaona ni wewe, akafurahi mno, maana hukuwa umemtafuta tangu siku ya mbio. Miwani ilikuwa imejaa mvuke, kwa hiyo akaniambia nimsomee, tena kwa sauti. Nikasoma. Nikasoma kwamba asithubutu kuja kukupokea uwanja wa ndege, kwamba utafikia kwa rafiki yako, kwamba mzazi anayemtabiria mwanawe aibu mbele za watu asijiite mzazi. Nikasoma na pale uliposema kwamba kaka wewe humlaumu, kwa kuwa unajua alimwambia baba siri ya paja lako kwa uchungu tu. Nilisoma mpaka mwisho kwa sababu sikujua nitaishia wapi. Nilipoinua macho, moshi ulikuwa unatoka kwenye shati. Miaka thelathini na minane katika kazi hii, mdogo wangu, na baba hakuwahi kuunguza nguo ya mtu. Alisema tu kwamba imeungua, akachomoa waya ukutani, akatoka nje.

Uliwezaje? Huyu ni mtu aliyekuwa anakuamsha alfajiri na kukupeleka mazoezini kwa baiskeli, wewe mbele, furushi la nguo za wateja nyuma. Mama alipotutoka akajifunza kukusuka, akakusuka mistari iliyopinda hadi shuleni wakakucheka, na jioni hiyohiyo akaenda kwa jirani kuomba afundishwe upya. Mtu huyo umemhukumu kwa picha ya kikaratasi, tena picha iliyotumwa na Redio! Redio, jirani yetu huyo ambaye tangu utoto wetu hajawahi kubeba neno likafika zima. Hukupiga simu kuuliza. Hukuniuliza hata mimi. Damu inanichemka nikikumbuka.

Lakini wewe uliondoka kabla mambo haya hayajapamba moto, kwa hiyo acha nikueleze yalivyo, usije ukadhani baba amejigeuza mganga. Ilianza pale tuliponunua televisheni ya dukani. Kila ulipokuwa na mbio, majirani wakawa wanakuja kutazama, na kwa vile kila mmoja alijifanya mjuzi, Mwalimu Saa akaleta utaratibu. Unamkumbuka, yule mwalimu wa michezo aliyestaafu, asiyevua saa yake ya kupimia mbio shingoni hata akija kuchukua suruali. Utaratibu wenyewe ni huu. Kila shabiki anapewa tiketi moja ya dobi, zilezile zetu za vipande viwili vyenye namba ileile. Kwenye kipande kimoja anaandika watatu atakaowaona mbele, na chini yake jambo moja la ziada litakalotokea mbioni. Kipande hicho kinaingia kwenye kopo la sabuni, kingine anabaki nacho mwenyewe, sawa na mteja anayesubiri nguo zake. Mbio zikiisha, kopo linafunguliwa. Aliyepatia jambo la ziada ndiye mshindi, anaonyesha kipande chake, na tangu hapo anaitwa Profesa na kukalia kile kiti cha ofisi chenye magurudumu mpaka mashindano mengine. Profesa akisema, hakuna anayemkatiza. Ni upuuzi mtupu, najua. Lakini watu wazima wamenuniana wiki nzima kwa ajili ya kiti hicho.

Baba hakuwahi kuandika hata mara moja. Walimbembeleza, wakamtania kwamba anaogopa kuumbuka, naye akawajibu kwamba yeye anafua nguo za watu, hafui bahati zao. Nawe unajua kuliko wote kwamba tiketi namba kumi na nne ya kila kitabu hapewi mteja, ni ya nguo za baba mwenyewe. Mashabiki wote wanalijua hilo pia.

Basi ikafika ile Jumamosi. Duka lilijaa hadi watu wakasimama katikati ya makoti yaliyoning'inia. Jirani yetu Nesi alikuwa Profesa wakati huo, amekaa kwenye kiti chake akizunguka taratibu, akatufundisha kwamba kwenye uwanja wa ndani mzunguko ni mita mia mbili tu, kona zimeinuka, na mwenye mabega mazito hawezi kufika mbali. Mwalimu Saa akasema mita elfu moja na mia tano ni mizunguko saba na nusu, na kwamba wewe utasubiri mzunguko wa sita ndipo uwaondokee. Redio akatia chumvi kwamba amezungumza na mtu aliye hotelini kwenu na umelala vizuri. Mimi nilisimama juu ya ndoo, nikajipiga kifua, nikatangaza kwamba tiketi yangu ni namba ishirini na moja na nimeandika kwamba mdogo wangu anachukua dhahabu. Wakanipigia makofi. Baba alikuwa pembeni anatundika suti, anajifanya hasikilizi.

Mlipoanza, uliongoza. Sitasahau kelele zile. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, Mwalimu Saa anasoma muda kwa sauti kama mtu anayesoma dua. Wa nne bado uko mbele. Wa tano, kwenye kona ya pili, mkono wako ukashuka ukashika paja, ukachechemea hatua tatu, ukatoka nje ya mstari. Kamera ikakuacha ikafuata wengine. Duka lote likaguna. Baba alikuwa amesimama na kitundikia nguo mkononi, kitupu, na alikaa hivyo mpaka mbio zikaisha.

Ungedhani watu wenye haya wangeondoka kimya kimya. Wapi! Mwalimu Saa, mkavu wa macho, akasema utaratibu ni utaratibu, akafungua kopo. Zikasomwa za kwanza, zote dhahabu, fedha, rekodi, porojo tupu. Kisha akashika moja. Akaisoma mara mbili. Hakukuwa na majina ya washindi watatu, kulikuwa na jambo la ziada peke yake, kwamba mwana wetu hatamaliza, ataishia mzunguko wa tano kwenye kona. Namba kumi na nne. Kabla hajaimalizia, Redio alishapiga picha, na kabla sijameza mate ilishafika kwenye kundi la simu, na nadhani kabla hujafungwa bandeji ilishakufikia wewe.

Wote wakamgeukia baba. Nesi akamwuliza ni baba gani anaandika kitu kama hicho. Mwingine akasema mdomo wa mzazi una uzito, na kwamba amekuroga bila kujua. Baba akaweka kitundikia chini, akaomba hicho kikaratasi, akafuta miwani kwa kona ya shati, akakitazama kwa muda mrefu sana. Halafu akasema ni chake. Walipomdai kipande cha pili alisema amekipoteza.

Unajua walichofanya? Mwalimu Saa akakisukuma kile kiti hadi kwenye meza ya pasi, akamwambia utaratibu ni utaratibu, Profesa akae. Nilidhani baba atawafukuza wote. Akakaa. Alikaa na mikono juu ya magoti yake yanayouma, na wakamtoka mmoja mmoja bila kumuaga. Tangu siku hiyo wako wateja wanaopeleka nguo zao kwa dobi wa mtaa wa pili. Nesi akipita hasalimii. Redio amempa jina la Mzee Kona, na watu wanalirudia jina hilo na kucheka. Nawachukia. Nawachukia hadi nikinyoosha nguo zao natamani kuzichana. Hawa ndio waliokuwa wanalia machozi ya furaha uliposhinda mwaka jana, leo wanapiga domo kana kwamba paja ni lao.

Sasa kaa chini kama umesimama.

Jiulize swali ambalo hakuna aliyeuliza. Baba angejuaje habari ya paja? Siku nne kabla ya mbio ulinipigia mimi. Ulikuwa unalia. Uliniambia kwamba mazoezini msuli unashika kila ukifika mzunguko wa tano, kwenye kona, kwa sababu ya ule mwinamo, na kwamba kocha hajui, na nisimwambie mtu yeyote, baba hasa. Nikakuapia. Na kiapo hicho nilikitunza, mdogo wangu. Sikumwambia baba. Sikumwambia mtu yeyote. Niliandika.

Tiketi ile niliichana mimi. Maandishi ni yangu. Kipande cha pili kilikuwa kwenye mfuko wa shati langu wakati naruka juu ya ndoo kutangaza dhahabu, na nimekitia ndani ya bahasha hii ili usije ukadhani najitoa mhanga kumwokoa mzee. Mara sita mfululizo nimekuwa wa mwisho katika utabiri. Waliniita Mkia, mbele ya wateja, mbele ya binti niliyekuwa nataka anione mtu. Kaka wa bingwa, na hajui lolote kuhusu mbio! Hilo lilinikaa kooni. Nikaona kwa mara ya kwanza najua kitu ambacho Mwalimu Saa na saa yake hawakijui. Nikapiga hesabu kwamba ukishinda, namba yangu ni ishirini na moja, na ukishindwa, nitasema baba aliniachia namba yake kwa kuwa haitumii. Siri yako niliifanya kete.

Na kuna jambo baya kuliko hilo, nalo nalisema kwa sababu nisiposema leo sitalisema tena. Ulipotoka kwenye mstari, kabla ya uchungu, kabla sijamwona baba na kile kitundikia, nilifurahi. Kitambo kidogo tu, labda muda wa hatua zile tatu ulizochechemea. Moyo uliruka ukasema nimepatia. Ndugu yako wa tumbo moja. Hasira yote niliyomwaga kwenye kurasa hizi, juu yako, juu ya Redio, juu ya Nesi, ilikuwa inamtafuta mwenyewe, na mwenyewe ndiye huyu anayekuandikia.

Baba anajua. Alijua palepale alipokitazama, kwa kuwa miaka yote mimi ndiye ninayeandika tiketi za duka. Jumatatu nilimfuata nje baada ya shati kuungua, nikamwuliza kwa nini alisema ni chake. Akanijibu kwamba wewe una mtu mmoja tu wa kumpigia simu ukiwa unalia, na mtu huyo si yeye, kwa hiyo bora umkose yeye. Nilimwambia nitakuandikia. Akanikataza. Akasema nikikuandikia atakuwa na watoto wawili wasiozungumza, wakati sasa ana mmoja tu asiyezungumza naye. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nimemvunjia baba agizo lake.

Sikuombi unisamehe. Usinipigie, nitakuwa sina la kusema. Mpigie yeye. Na kama huwezi kupiga, basi jua kwamba Alhamisi ya mwisho wa mwezi atakuja uwanja wa ndege hata kama umemkataza. Ameshanyoosha suruali yake. Amesema hatakusogelea, atasimama nyuma kabisa kule mlangoni, akuone tu kama unaweza kutembea, halafu arudi kufungua duka. Mimi sitakuja. Tafadhali, mdogo wangu, ukitoka na mizigo yako usiangalie waliosimama mbele.

Wasalimie wenzako wa kambini, na umshukuru kocha kwa niaba yetu kwa namna anavyokutunza. Jirani wa juu anakusalimu, na paka wa dukani mzima, amezaa tena kwenye kapu la soksi. Nakutakia nafuu ya haraka, mguu uwe wako tena.

Ni mimi,
kaka yako, ambaye hastahili kuitwa hivyo kwa sasa.