Kioo cha Bandani

Shoga, uko? Acha unachofanya. Nimeaibika leo, sijui nijifiche wapi.

Si unajua kuku wangu wamefungiwa bandani, daktari wa mifugo kasema wasitoke hadi ugonjwa upite? Wakaanza kunyonyoana manyoya. Daktari akasema ni kuchoka kukaa bure tu, niwatafutie cha kuwashughulisha.

Basi nikajitia mtaalamu! Nikawaning'inizia kabichi kwa kamba, wairukie. Nikawafungia bembea. Halafu nikawatundikia kioo.

Kioo chenyewe nilikitoa chumbani kwa mama mkwe. Nilidhani hana kazi nacho, tangu avunjike mguu yuko kitandani tu.

Sasa niko ndani ya banda, nimechuchumaa, nawabembeleza: "Poleni warembo wangu, kufungiwa kunachosha, najua."

NAJUA, eti!

Kugeuka, mama mkwe huyo hapo mlangoni, kaegemea magongo, anahema. Kumbe kitanda chake kimetazama ukuta, na kile kioo ndicho kilichokuwa kikimwonyesha watu wanaopita njiani!

Hakufoka, shoga. Bora angefoka. Kaitazama kabichi, kaitazama bembea, akasema polepole: "Kumbe mwanangu, ningemnyonyoa mtu manyoya, na mimi ningeletewa bembea."

Nikakosa pa kuangalia.

Saa hizi nimemtolea kiti, yuko kando ya banda, kashika kamba ya kabichi. Kuku wakiruka, anaivuta juu. Anacheka mpaka namsikia huku.

Huku jikoni, nilikojifungia mimi.