Jina Moja, Nukta Moja

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika bironi, ofisi ya ramani, kabla ya wote tena. Nimefuta meza, nimejaza chupa za maji, nimewasha projekta. Umeme umekatika papo hapo. Umerudi. Nimeiwasha upya.

Watu wa idara tano wameketi: afya, migodi, barabara, takwimu, ardhi. Kila mmoja na ramani yake ya mkoa wetu wa Haut-Katanga. Hakuna mbili zinazofanana. Hata barabara ya Mokambo, kila ramani inaipitisha kwake. Mama Mudogo ndiye anayewaongoza. Ni mdogo wake mama, ndiye aliyenilea. Tangu nimalize shule ameniweka hapa nimsaidie, huku nikingoja kuingia chuo cha Kasapa. Ijumaa ramani zote zitakuwa moja. Itafungwa na kwenda Kinshasa, na serikali nzima itaitumia. Sheria yake ameibandika ukutani kwa herufi kubwa: JINA MOJA, NUKTA MOJA. Jina la kijiji likionekana mara mbili, moja linafutwa.

Mtu wa migodi amenitania. "Weye mutoto, unasemaka? Ao ulimeza ulimi?" Wamecheka. Nimeangalia viatu vyangu. Ninajichukia nikiwa hivyo.

Jumanne, 4 Machi

Chifu Kilumbwe amepiga simu. Kijijini kwake, upande wa Pweto, watu wanahara na kutapika. Wengine wamekwisha kufa. Nkambo yuko huko. Ndiye bibi yangu, mama yake Mama Mudogo.

Chifu hupanda juu ya kichuguu ili apate mtandao, na upepo hula nusu ya maneno. Nimesikia "kolera". Nimesikia "na mama yenu".

Mama Mudogo amempigia daktari wa Pweto. Ameahidi mtumbwi wa injini na serumu za kutundikia wagonjwa kesho asubuhi. Nimesali mpaka magoti yakafa ganzi.

Jumatano, 5 Machi

Mtumbwi umerudi na dawa zake zote.

Ulikwenda kwenye nukta ya Kilumbwe, pale ramani inapoionyesha, ukingoni mwa ziwa. Pale hakuna kijiji. Kuna vichanja vitupu vya kukaushia samaki, na makaburi. Wameandika: hakuna wakazi.

Bila shaka hakuna. Ziwa lilipopanda, watu wa Kilumbwe walihamia mlimani, mbali na maji. Walibeba milango, masufuria, mbuzi, na jina. Kwetu kijiji ni jina la chifu wake. Chifu akihama, kijiji kimehama naye, na udongo unaobaki hauna jina tena. Kila mtu wa kule anajua. Watu wa takwimu waliwahi kuweka nukta ya pili mlimani, nayo pia Kilumbwe. Lakini Kilumbwe mbili haziruhusiwi. Mwezi uliopita mashine ilifuta majina pacha yote kwa mpigo mmoja, ikabakiza nukta za zamani tu. Yalikuwa mengi mno, hakuna aliyeyasoma. Mama Mudogo ndiye aliyebonyeza. Jina la kwao lilipita mbele ya macho yake na hakuliona.

Leo hajala.

Alhamisi, 6 Machi

Daktari anaamini kwamba watu wako mlimani. Mwenye ghala la dawa haamini. Zamani watu walitunga vijiji vya uongo, wakachukua dawa wakauza. Tangu hapo dawa haitoki kwenda mahali pasipo na nukta. Utaratibu huo pia ni wa Mama Mudogo. Ulikuwa mzuri. Bado ni mzuri. Ninauchukia.

Leo ameomba mbele ya wote nukta ya Kilumbwe ihamishwe. Kuhamisha nukta kunataka saini za idara zote tano. Nne zimekubali. Mtu wa migodi amekataa. Ule mlima uko ndani ya eneo la kuchimba, na kwenye ramani yake hauna mtu hata mmoja.

"Madame," amesema, "leo utasogeza kijiji ya mama yako. Kesho na mi nitasogeza ya mama yangu. Donc hii karte, hii ramani, itakuwa ya ba mama?"

Wamecheka. Hata wale waliokubali.

Mama Mudogo ameketi polepole, kama mtu mgonjwa. Sijawahi kumwona hivyo. Anajua kwamba akilazimisha nukta moja, kila idara itataka zake, na kazi ya miaka itavunjika mikononi mwake. Mimi nilikuwa na maneno. Nikagawa maji.

Chifu amepiga tena. Nkambo hawezi kusimama. Wanampa maji yenye chumvi na sukari. Sukari imekwisha.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike yote kabla sijalala.

Alfajiri Mama Mudogo ameniamsha. Ameona mlango. Kijiji kipya chenye jina jipya hakihitaji saini tano. Kinataka neno la daktari tu, kabla ramani haijafungwa mchana. Kinachokosekana ni jina. Nimefikiri ni jambo rahisi.

Tumempigia chifu tukiwa bironi, mlango umefungwa. Mama Mudogo ameanza kusema, kilio kikamshika. Amenipa simu. Mimi!

Nimemwamkia. Nimemwomba kwa heshima atupe jina lingine, la kwenye ramani tu.

"Jina gani ingine? Kilumbwe njo mi! Nkambo yangu, baba ya baba, alikuwa Kilumbwe. Mi nikikufa, mwenye ataikala pa kiti yangu njo atakuwa Kilumbwe. Munataka nizike jina mbele ya bantu bangu?"

Nimemwambia dawa haiwezi kutoka bila jina. Upepo ulikuwa unavuma kule juu, nusu ya maneno yangu haikufika. Nimepaza sauti. Baba Chifu, mtandao unakwisha, tuandike nini?

"Andika siye tuko hapa! Tuko hapa! Unasikia? Tuko hapa!"

Simu imekufa. Tumepiga, tumepiga. Hapatikani.

Nimemwambia Mama Mudogo alichosema chifu, neno kwa neno. Kisha amegeukia mashine na kuandika: TUKO HAPA. Daktari amekubali kwa simu. Nukta imetokea mlimani, nyekundu, ndogo kama chembe ya mtama.

Idara zilipoingia, mtu wa migodi amesoma ukutani. "Tuko Hapa? Hii njo jina ya kijiji?"

Mama Mudogo amegeuka kuniangalia.

"Ndiyo, baba," nimesema. "Njo jina yake."

Ilikuwa sauti yangu. Hakuna aliyecheka. Mchana ramani imefungwa.

Jumamosi, 8 Machi

Dawa imetoka ghalani. Mtumbwi umeondoka Pweto. Baada ya hapo ni kupanda mlima kwa miguu na masanduku kichwani.

Simu ya chifu bado imekufa. Bukari, ugali wetu, imepoa mezani, haijaguswa. Mama Mudogo anapiga pasi nguo ambazo tayari zimepigwa. Ninamwahidi Mungu mambo ambayo siwezi kuyatimiza.

Ifike. Ifike. Ifike.

Jioni. Daktari amepiga. Dawa imefika. Nkambo hakuiona. Amekufa leo asubuhi.

Jumapili, 9 Machi

Hatukwenda kanisani. Mama Mudogo anafungua bomba bafuni ili nisimsikie. Ninamsikia.

Kama ule mtumbwi wa Jumatano ungepanda mlima. Kama mtu mmoja angesoma majina. Kama ningesema Alhamisi.

Siwezi.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua tangu asubuhi. Tumerudi kazini.

Chifu amepiga. Waliougua sasa wanakunywa uji. Watoto wanaimba kwamba wao ni watu wa Tuko Hapa, naye anawafukuza na fimbo. Amecheka kidogo alipokuwa anatueleza, halafu akaomba radhi kwa kucheka.

Nkambo walimfunga sanda kama muuguzi aliyekuja na dawa alivyoagiza, wakamshusha mpaka ziwani, kwenye Kilumbwe ile ya zamani, wakamlaza kando ya mume wake. Kijiji huhama. Makaburi hayahami.

Kinshasa wameirudisha ramani. Wanataka nukta zote zisizo na wakazi zifutwe. Safari hii Mama Mudogo amekataa mashine ifanye peke yake. Mimi ninasoma majina kwa sauti, moja moja, na yeye anajibu: futa, au acha. Sauti yangu inafika mpaka dirishani. Hainisumbui tena.

Baada ya chakula nimefika kwenye ile ya ukingoni mwa ziwa.

"Kilumbwe," nimesoma.

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Acha," amesema. "Pale kuko muntu."

Nimeiacha. Nimesoma jina linalofuata.