Mke Wangu Kaning'olea Chumba cha Muziki

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijafanya jambo la kujutia, maana hasira zimenifika hapa kooni. Mimi ni dereva wa lori, wiki nzima masikioni ni honi na injini, kwa hiyo nikachukua kile chumba tulichokuwa tunawekea masanduku nikakifanya cha kusikilizia muziki, nikabandika sponji ukuta mzima ili kusiwe na mwangwi, dirisha nikaliziba kwa godoro, mlango nikaupigilia mablanketi mawili, na kweli, mshauri, humo ndani gitaa unalisikia hadi kidole kinavyoteleza kwenye waya. Jumamosi mchana nimo humo, mke wangu akateleza bafuni akavunjika mkono, anasema aliniita hadi sauti ikamkauka, mimi sikusikia, mama jirani ndiye aliyemsikia akampeleka hospitali, nami nilipotoka nikakuta nyumba kimya, jiko limepoa, nikampigia simu kumuuliza mbona hajapika. Akakata. Jioni karudi na plasta, hata salamu hakuna, akaingia chumbani kwangu na kwa ule mkono mmoja mzima akang'oa sponji zote, rangi ikabanduka nazo. Nikamwambia, "Una wazimu?" Akanijibu, "Sasa unanisikia?" Kisha akaenda kwa dada yake. Kazi yangu ya miezi mitatu! Nimngoje aje kuniomba radhi, au niwaite wazazi wake?

Msikilizaji Mwenye Uchungu

Msikilizaji! Jina hilo umejipa mwenyewe. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipouliza mkono wake unaendeleaje, sikupaona. Jirani kasikia kutoka nyumba ya pili, wewe uliye hatua nne unasikiliza kidole cha mpiga gitaa. Halafu unampigia mgonjwa aliye kwenye benchi la hospitali kumdai chakula! Huoni haya?

Uchovu wa barabarani naujua, na kutaka utulivu si kosa. Lakini mwangwi unapunguzwa kwa vipande vichache vya sponji, zulia na pazia zito, basi. Lile godoro na yale mablanketi hayakuwa ya muziki, yalikuwa ya kumfungia mkeo nje. Yatoe leo.

Wazazi wake usiwaguse. Wakija utawaambia nini? Nenda kwa shemeji yako sasa hivi. Usipeleke maelezo, peleka pole, na uombe msamaha mbele yake, maana ndiye anayemwogesha mkeo. Akikubali kurudi, utapika na kufua wewe mpaka plasta itoke. Akikataa, rudi kesho. Na keshokutwa.