Rubani Asiyekuwemo Kwenye Filamu

Mamdogo Zuhura,

Shikamoo kutoka kwenye tope la delta ya Rufiji. Boti imekwama tangu asubuhi, tunasubiri maji yajae, na mvua imelowesha mpaka wali na kamba tuliofungashiwa Nyamisati.

Kazi yangu unaijua: vitabu tisa vinavyofuata filamu ya watu, ile ya mashujaa, majini na vyombo vya angani. Kurasa elfu mbili na mia moja, na mtu niliyemtunga mwenyewe humo ni mmoja tu, yule rubani bibi kizee anayewagombeza majini. Juzi wenye filamu waliniandikia: kitabu cha kumi, muue rubani, kwenye filamu hayumo.

Sasa humu botini yumo nesi wa zahanati ya huko mbele, anasoma kitabu changu. Nikamwambia mwandishi ni mimi. Akatazama jalada, akacheka. "Jina lako ndilo hili, dada? Mbona dogo kuliko la mpiga chapa?" Kisha akanikazia macho. "Hao mashujaa wenu sina haja nao. Ila huyu bibi, ukimgusa, utashuka hapahapa uogelee."

Saa tatu nzima ananihubiria, na kifo chenyewe nimeshakiandika, kurasa nne, kimo mkobani! Nimezichana zote. Wakitaka auawe, watafute mwuaji mwingine, na kazi yao wampe huyo.

Rubani ni wewe, kama hukujitambua kwa ule mdomo. Basi meza dawa zako za presha, Mamdogo, usije ukaniaibisha baada ya ugomvi wote huu.

Mwanao,
Tatu