Magurudumu ya Kinga ya Mujomba

Kutoka Baraka, kwa kaka yangu mukubwa, Yaya Eugène, kule Mboko

Yaya Eugène mupenzi, salamu nyingi katika Bwana. Uko aje? Lile goti linakusumbua bado? Na mama ya batoto, anakohoa bado? Umuambie anywe maji ya moto asubuhi, hata kama hapendi. Sisi huku tuko, Mungu anasaidia. Ningepiga simu, lakini simu yako kila muntu wa nyumba anaisikiliza, na hii habari ni ya masikio yako peke yako. Barua anakuletea Mama Pulchérie, anakuja soko huko.

Yaya, kinga ya mujomba imefika, ile baiskeli yako ya mahari. Baba Élie, baba ya Bienfait anayetaka kumuoa Arlette wetu, aliishusha kutoka Fizi juu ya gari kana kwamba ni askofu. Kinga yenyewe ni nzuri, sikatai. Lakini magurudumu! Ningecheka kama ingekuwa ndoa ya mutoto wa mwingine. Alitoa yale mazito ya dukani, akatia membamba ya mashindano, yanang'aa kama bangili. Eti yametoka Bujumbura. Nikamuuliza kama huko Bujumbura bantu banapakia mihogo juu ya bangili. Akanijibu kwamba bamama bajue sufuria. Sawa. Lakini hata sufuria, mimi siinunui bila kuigonga kwanza. Na barabara ya kwenu Mboko unaijua, mawe yake hayaulizi gurudumu limetoka wapi.

Muzee yule anapanda pikipiki hata kwenda kwa jirani, halafu anachagulia bantu kinga! Fundi Henri alisukuma gurudumu la nyuma kwa kidole kimoja, likayumba kama mulevi. Akasema hilo litabeba muntu mwembamba na shati lake, basi. Baba Élie akasema fundi ana wivu. Wivu wa nini, Yaya? Wa upumbavu? Upumbavu haukosekani hapa Baraka, hatuna haja ya kuushusha kutoka Fizi.

Najua vile ulisema mbele ya jamaa: kinga ikiyumba siku ya mahari unairudisha, na mambo yote yanangoja mavuno mengine. Ulisema vizuri. Ni wewe njo utamupakia Arlette nyuma na kuzunguka nyumba mbele ya bantu bote, kama mujomba wetu alivyonizungusha mimi. Yangu haikulia hata kidogo. Ikilia, bantu ba kwetu habasahau. Clarisse wa jirani sasa ana bajukuu, na bado banamuita Clarisse Krii.

Basi nikuambie nilichofanya, na usikasirike. Bienfait mwenyewe alikuja kwangu na aibu yake. Yule si kama baba yake, anasikia. Akauliza ni magurudumu gani mama anaona yatadumu. Nilimupeleka nyuma ya jiko, kwa ile kinga ya marehemu mume wangu Darius, ile niliyoifunika na turubai tangu tumuzike, ile wewe mwenyewe uliiomba nikakunyima. Henri akayatoa yote mawili, na lile la nyuma bado lina kovu la lile jiwe aliligonga kule Nundu. Akayatia kwenye kinga yako mpya, akakaza, akapaka mafuta, akavalisha matairi mapya. Halafu nikapanda nyuma mimi, na uzito wangu unaujua. Bienfait alinizungusha mpaka akatoka jasho. Halikusema kitu.

Baba Élie aliambiwa tu kwamba fundi alibadilisha. Sasa kila Jumapili anasimama mulangoni mwa kanisa kusimulia kwamba aliyachagua yeye, na kwamba jicho lake halikosei! Ninamuangalia tu. Jumamosi, siku ya mahari, atasimama kuyasifu mbele yako pia. Umuache, Yaya. Utayatambua kwa lile kovu, lakini jina la Darius usilitaje. Sema tu: haya ni magurudumu. Atavimba, aende kwake.

Utajiuliza kwa nini mudogo wako Godelieve, mwenye mudomo vile, amenyamaza. Yaya, mavuno mengine hatuwezi kuyangoja. Arlette aliniambia jikoni, akijifanya ni vitunguu njo vinamuliza, kana kwamba mimi sikuwahi kuwa musichana. Sikumugombeza. Nilimupikia uji, tukakaa. Ni Bienfait na mimi tu tunajua, na sasa wewe.

Kwa hiyo Jumamosi, ukifika pale kwenye mufereji nyuma ya choo, shuka usukume. Sema ni goti. Ukicheza na haraka sitakusamehe. Nyuma yako utakuwa umebeba bantu bawili.

Unisalimie mama ya batoto na bote ba nyumba. Ukimaliza kusoma, karatasi hii uwashie moto wa samaki.

Mudogo wako anayekupenda na kukusumbua,
Godelieve